Podikasti za maonyesho ya vitabu: mbona mahojiano ya waandishi yanafanana, na mijadala mizito haitufikii?

#1 Kurasa_Pana
Wakuu, habari zenu.

Kila mwaka msimu wa maonyesho makubwa ya vitabu ukifika, London na Bologna kwanza, kisha Frankfurt mwezi wa kumi na Guadalajara mwishoni mwa mwaka, mimi hujaza simu vipindi. Nasikiliza njiani, nasikiliza nikiosha vyombo, nasikiliza kitandani hadi usingizi unichukue. Safari iliyopita niliamua kukaa na daftari, nikawa naandika swali la kwanza la kila mahojiano. Kurasa mbili zilijaa, na swali ni lilelile: "Wazo la kitabu hiki lilikujiaje?" Majibu nayo yalikuwa yamepigwa pasi. Bibi aliyesimulia hadithi, barua iliyookotwa, ndoto ya alfajiri.

Kuna kipindi kimoja tu kilichonishika. Mtangazaji ameshashukuru, kila mtu anaamini wamemaliza. Unasikia kiti kinavutwa, halafu mwandishi anasema taratibu kwamba sura ya mwisho aliiandika kabla ya zote na mhariri wake alitaka itupwe. Muziki ukaingia ukamfunika. Nilirudisha hapo mara nne.

Jambo la pili: ukiangalia ratiba za maonyesho hayo unaona mijadala ya haki za tafsiri, vitabu vya sauti, akili unde (AI), mikataba. Kwenye podikasti hiyo mijadala haipo, au imegeuzwa kuwa muhtasari wa dakika 10.

Madai yangu ni haya: waendesha vipindi hawasomi vitabu, na wakikaa kwenye mijadala ya kibiashara hawaielewi. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 Pembeni_Tu
Siti ya mbele. Nasubiri wenye fani.

#3 MpigaChapa
Hakuna cha kupinga. Mtu amepangiwa mahojiano sita kwa siku moja, vitabu sita atavisoma saa ngapi? Anasoma maelezo ya nyuma ya jalada, anaanza kazi.

#4 FundiSauti
Napinga, na napinga kwa sababu mimi ndiye ninayekaa pembeni nimevaa hedifoni.

Hilo swali mnalolichukia huwa naliomba mimi. Ukumbi wa maonyesho una dari la chuma juu sana, kuta za vioo, na mabanda yametengwa kwa mbao nyembamba ambazo hazifiki hata nusu ya urefu wa ukumbi. Jirani ana spika zake, ng'ambo kuna watoto wa shule, na kila baada ya muda kipaza sauti cha jengo kinamwita mtu mwenye gari. Mwandishi anafika anahema, ametembea kutoka ukumbi mwingine. Nahitaji aongee dakika moja nzima jambo analolijua kama jina lake, ili nipange kiwango cha sauti yake huku mtangazaji naye akimsoma. Ukimwanzia na swali zito, jibu zuri ndilo litakaloharibika.

Halafu umbali wa maikrofoni. Watu wanaishika kama wameshika ua. Ukiisogeza mdomoni kwa nusu ya umbali uliokuwepo, sauti ya mwandishi inapanda kwa desibeli 6 hivi, na makelele ya ukumbi yanabaki palepale. Hakuna programu ya kusafisha sauti inayoweza kukupa zawadi hiyo baadaye. Ndiyo maana mimi natumia maikrofoni za jukwaani, zile ngumu zinazosikia karibu tu. Zile nyeti za studio zinaleta ukumbi mzima mezani.

Na huyo mwandishi wako wa kiti kuvutwa, umemsikia kwa sababu fundi fulani hakuzima mashine kabla watu hawajasimama. Ni desturi njema hiyo, isiishe.

#5 Kurasa_Pana
@FundiSauti asante, hili la kupima sauti sikulijua. Sasa kama ni la kupima sauti, kwa nini tunasikilizishwa? Si mlikate?

#6 FundiSauti
Mimi hulikata. Wengine wanatakiwa kurusha kipindi usiku uleule, wanapandisha kilivyo.

#7 KalamuBubu
Niongee kama mtu wa upande wa pili wa meza. Mimi ni mwandishi, na niliwahi kuhojiwa mara saba kwa siku moja kwenye maonyesho ya namna hiyo.

Asubuhi mchapishaji alinipa karatasi yenye mambo matatu ya kusema. Hawakuwa na nia mbaya, walitaka nisipotee. Mahojiano ya kwanza niliongea vizuri. Ya pili nilijikuta nakumbuka maneno niliyotumia kwenye ya kwanza. Ya nne nikajisikia natoa sentensi ileile, na mahali pa kupumua ni palepale. Niliogopa kidogo, kama mtu anayejisikia akiongea kutoka chumba cha jirani.

Ya sita alikuja kijana mmoja na nakala ya kitabu changu iliyochakaa pembeni. Akafungua ukurasa uliokuwa na mstari wa penseli, akaniuliza: "Mama wa msichana huyu hajakaa chini hata mara moja kwenye kitabu chote. Kwa nini?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeliona. Nilikaa kimya muda mrefu, na yule kijana hakuniokoa, alinisubiri. Nilipojibu, nilijibu kuhusu mama yangu mwenyewe.

Kipindi kilipotoka, kile kimya hakikuwepo. Swali linaisha, na mimi naanza kujibu palepale kama nilikuwa nimejiandaa. Naomba mnielewe, hilo limeniuma kuliko mahojiano yote mabaya. Jibu ni langu, lakini si hivyo nilivyolitoa.

#8 MpigaChapa
@KalamuBubu pole sana. Mleta mada umeona? Hata aliyesoma kitabu, mkasi ulimharibia kazi.

#9 HakiZaTafsiri
Nauza haki za vitabu kwa wachapishaji wa nje, kwa hiyo nizungumzie kipande cha pili cha #1, maana naona wote mmekimbilia waandishi.

Maonyesho kama Frankfurt ni soko. Yalianza 1949 kama soko na hadi leo ni soko. Kuna kituo cha mawakala ambako hupiti bila miadi, meza zimepangwa safu kwa safu, na kila miadi ni nusu saa. Unakaa, unaeleza kitabu, unataja nchi ambazo haki zimeshauzwa, unasimama, mwingine anakaa. Jioni sauti imeisha. Watu wanaoamua kitabu gani kitafsiriwe hawana nafasi ya kwenda kwenye mjadala wa jukwaani, na wakienda hawasemi ukweli. Watausemaje, wakati washindani wao wamekaa safu ya tatu? Jukwaani mtu anasema vitabu vya sauti vina mustakabali mwema. Saa mbili baadaye mezani kwangu anakataa kulipia haki za sauti hata kwa punguzo.

Kwa hiyo @Kurasa_Pana, hata ungeletewa mijadala hiyo saa nzima bila kukatwa, ungesikia adabu tupu.

Sahihisho dogo: Guadalajara usiiweke kapu moja na London. London ni ya wafanyabiashara. Guadalajara wasomaji wa kawaida wanafurika, na iliasisiwa 1987 na chuo kikuu cha huko. Mwandishi anayeongea mbele ya wasomaji wake haongei kama yule anayeongea mbele ya wanunuzi wa haki.

#10 Bi_Maktaba
Wanangu, hamjambo. @HakiZaTafsiri umesahihisha mwenzio, na mimi nikusahihishe. Mwaka 1949 ni mwanzo mpya baada ya vita, wachapishaji 205 wa Kijerumani ndani ya kanisa la Paulskirche. Biashara ya vitabu katika mji ule ilianza karne ya 15, muda mfupi baada ya Gutenberg kuchapa Biblia yake Mainz, jirani tu. Na hayo ya London mnayosema ni ya wafanyabiashara yalianza 1971 kama maonyesho madogo ya kuwaonyesha wakutubi vitabu. Sisi ndio tulioalikwa kwanza.

Sasa hoja yangu. Kosa si la mtangazaji wala la fundi. Kosa ni kuchukua kitu cha jukwaani na kukiita podikasti. Frankfurt kuna lile Sofa la Buluu, tangu 2000 waandishi wanakaa pale wanahojiwa kama nusu saa mbele ya hadhira. Hayo yametangulia podikasti. Mwandishi pale anaongea na watu waliosimama na mifuko mizito mabegani, anatafuta kicheko ili wasiondoke. Ukiniwekea sauti ile sikioni, kwangu niko peke yangu, kile kicheko kinanipita. Mazungumzo ya watu wawili na maonyesho ya jukwaani ni vitu viwili, hata kama maikrofoni ni ileile.

Na si kweli kwamba mazito hayafiki. Tuzo ya Amani ya wauza vitabu wa Ujerumani hutolewa Jumapili ya maonyesho hayohayo, palepale Paulskirche, na hotuba hurushwa kwenye televisheni yao. Mwaka 2021 aliyeipokea ni Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe. Nendeni mkatafute hotuba yake kamili. Haina jingo, haina muhtasari.

#11 Mwezi_Mchanga
Heshima yako Bi_Maktaba. Hivi podikasti si zilianza 2005 na Apple?

#12 Bi_Maktaba
Hapana mwanangu. Apple waliziingiza kwenye iTunes, programu yao ya muziki, mwezi wa sita 2005. Neno lenyewe liliandikwa na Ben Hammersley kwenye gazeti la Guardian mwezi wa pili 2004, na watu walikuwa wameshaanza kurusha sauti kwa njia hiyo.

#13 Sikio_la_Tatu
Nimesoma kote, au niseme nimesomewa na simu, maana mimi sioni.

Kwangu podikasti ndiyo maonyesho yenyewe. Ninyi mnaona mabango, mnapekua kurasa, mnanusa karatasi mpya. Mimi napata sauti. Kwa hiyo nikisikia fundi amesafisha ukumbi wote hadi mwandishi anasikika kama amefungiwa kabatini, najisikia nimefungiwa mlango. Nataka kusikia ukumbi ni mkubwa kiasi gani. Nataka kusikia vitabu vikipangwa mezani, ule mlio wa kitabu kizito na ule wa kitabu chepesi haufanani.

Na ninalo ombi. Kipindi kiwe na maandishi yake. Kuna rafiki yangu asiyesikia, tunapenda vitabu vilevile, na sina cha kumtumia. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ulipigania watu kama mimi tupate vitabu katika namna tunayoweza kuvisoma. Mazungumzo kuhusu vitabu hivyo nayo yana uzito.

#14 FundiSauti
@Sikio_la_Tatu umenigusa. Mimi huwa narekodi ukumbi peke yake kwa dakika mbili kabla mgeni hajaja, kwa ajili ya kuziba mapengo ya uhariri. Sikuwahi kufikiri kuna mtu angetaka kuusikia wenyewe. Kipindi kijacho nitaanza nao.

#15 KibandaniMkalimani
Nami nina dukuduku. Mimi ni mkalimani wa papo kwa papo. Tunakaa wawili ndani ya kile kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi na kupokezana kila baada ya nusu saa au pungufu, kwa sababu akili inachoka haraka. Niliwahi kukuta sauti yangu kwenye kipindi cha maonyesho fulani bila kuombwa. Mwandishi mwanamume anaongea kwa sauti yangu ya kike, halafu katikati ya sentensi anageuka kuwa mwenzangu mwenye sauti nzito. Hakuna aliyetaja kwamba kuna wakalimani. Msikilizaji atadhani nini?

Desturi ya kazi yetu ni kwamba kurekodi sauti ya mkalimani kunahitaji idhini yake. Tafsiri ya papo kwa papo ni ya kumsaidia aliyepo pale wakati ule. Inakosea, inajirekebisha, inaruka mzaha. Haikufanywa ibaki.

Ndipo nafikia swali la #1 kwa nini mahojiano yanafanana. Mbadala wetu ni mtu aongee kisha atafsiriwe, aongee tena atafsiriwe. Hiyo inakula nusu ya dakika 20. Watayarishaji wanalijua hilo, wanachagua waandishi wanaojimudu kwa Kiingereza. Ukichuja namna hiyo, watakaobaki watafanana tu.

#16 NenoKwaNeno
@KibandaniMkalimani hapo umegonga penyewe, na niongeze: hata mtafsiri wa kitabu haitwi. Haki za tafsiri ndiyo bidhaa kuu ya maonyesho hayo, lakini aliyekaa na kitabu miaka miwili akikigeuza sentensi kwa sentensi hana kiti.

Chukua mfano wa Abdulrazak Gurnah. Alipata Nobeli 2021. Kitabu chake Paradise cha 1994 kikatoka kwa Kiswahili 2022 kwa jina Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis. Ndani ya Kiingereza cha kitabu kile kuna maneno ya Kiswahili tangu mwanzo, na Yusuf, yule kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaishi katika dunia inayoongea hivyo. Kwa msomaji wa Kiingereza yale maneno yanasimama kama wageni. Yakirudi ndani ya Kiswahili, ule ugeni unayeyuka. Mtafsiri anafanya nini hapo? Anauacha upotee, au anatafuta namna nyingine ya kumshtua msomaji? Mimi ningesikiliza saa nzima ya swali hilo moja, mwandishi na mtafsiri wakiwa meza moja.

#17 Kurasa_Pana
Saa nzima, hata mbili. @NenoKwaNeno hilo ndilo swali ambalo aliyesoma jalada peke yake hawezi kuliuliza. Bado nasimama kwenye madai yangu.

#18 Sheria_na_Kurasa
Habari wadau. Kuna kitu hamjakigusa: sheria.

Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 2bis, unaziachia nchi ziamue ni katika masharti gani hotuba iliyotolewa hadharani inaweza kurushwa kwa ajili ya kuhabarisha, na unamwachia mwenye hotuba haki ya kukusanya hotuba zake. Maana yake kusimama jukwaani hakumnyang'anyi mtu maneno yake. Mjadala wenye watu watano una watu watano wa kuombwa, pamoja na mwandaaji aliyerekodi. Na mwandishi akifungua kitabu akasoma kurasa tatu, huenda haki za sauti za kitabu hicho zimeshauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Mtayarishaji mwenye busara anakata. Hapo ndipo muhtasari wa dakika 10 unapozaliwa.

#19 HakiZaTafsiri
@Sheria_na_Kurasa ni kweli kwa kurasa tatu, lakini mikataba mingi tunayosaini inaruhusu dondoo fupi kwa ajili ya kutangaza kitabu. Msiwatishe watu wasisome kabisa. Hofu hiyo ndiyo inayotunyima sauti za waandishi wakisoma.

#20 Mwezi_Mchanga
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Kuna vipindi vya saa moja vina MB karibu 60, vingine saa hiyohiyo ni chini ya 30. Bando linaisha. Tofauti ni nini?

#21 FundiSauti
@Mwezi_Mchanga ni hesabu tu. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula MB 57.6 kwa saa. Ya kilobiti 64 inakula 28.8. Mazungumzo ya watu wawili yakiwekwa mkondo mmoja, yaani sikio la kulia na la kushoto yanapata kitu kilekile, 64 yanatosha. Wanaoweka 128 mara nyingi wanalinda muziki wa mwanzo. Sekunde 15 za muziki zinakulipisha saa nzima.

#22 MpigaChapa
Na @Pembeni_Tu bado yuko siti ya mbele, hajasema kitu. Hiyo siti tuikodishe?

#23 Pembeni_Tu
Nipo mkuu, nasikiliza. Uzi huu mtamu, siondoki.

#24 WinoMbichi
Mimi nitawapinga wengi. Nalipenda lile swali.

Nilikuwa sijawahi kuandika hata barua ndefu. Siku moja nikasikia mwandishi anaulizwa "Wazo lilikujiaje?" naye akajibu kwamba alikuwa anasubiri daktari, akaona mzee mmoja anakunja na kukunjua risiti, akaanza kujiuliza risiti ile ni ya nini. Basi. Hakuna barua iliyookotwa, hakuna ndoto. Nilikuwa sijui kwamba hadithi inaweza kuanzia kwenye risiti. Usiku ule niliandika ukurasa wangu wa kwanza, na sasa nina mswada.

Ninyi mmesikiliza vipindi mia, swali limewachosha. Kuna mtu leo anasikiliza kipindi chake cha kwanza.

#25 KalamuBubu
@WinoMbichi nimekaa na maneno yako. Siku nyingine nikiulizwa hivyo nitajibu ukweli, nitaiacha karatasi ya mchapishaji mfukoni. Kila la heri na mswada.

#26 MezaYaMazungumzo
Nimevumilia, sasa niseme. Mimi ni mwendesha kipindi. Nimefanya mahojiano kwenye maonyesho ya vitabu kwa misimu kadhaa.

@Kurasa_Pana unasema hatusomi. Orodha ya waandishi naipata jioni ya kuamkia siku yenyewe. Faili la kurasa 400 linaingia saa nne usiku. Asubuhi mwandishi amebadilishwa. Niliyemsoma hayupo, aliyekuja simjui. Nikipata muda mdogo nasoma sura ya kwanza, sura moja ya katikati, na ukurasa wa shukrani. Shukrani hazidanganyi. Unaona amemshukuru nani kwanza, nani ametajwa kwa jina moja tu, nani amewekwa mwisho peke yake kwenye mstari wake. Niliwahi kumuuliza mwandishi kuhusu huyo wa mwisho, na dakika 18 zilizokuwa zimebaki zikawa juu ya mtu huyo.

Kuhusu mijadala, naomba mnisikilize vizuri, maana hapa hata wanasheria na wauza haki mmekosea. Mwandaaji ananipa rekodi ya jukwaani. Wazungumzaji wanasikika safi kwa sababu sauti imetoka moja kwa moja kwenye miksa, mashine inayokusanya maikrofoni zote za jukwaani. Kisha yanafika maswali ya hadhira, na aliyeuliza hakupewa maikrofoni. Nasikia mnong'ono wa mbali, kisha mzungumzaji anasema: "Ndiyo, nakubaliana na wewe kabisa, na hiyo ndiyo hatari yake." Hatari ya nini? Sijui, na msikilizaji hatajua. Mijadala hiyo utamu wake uko kwenye maswali. Sehemu hiyo ikifa, kilichobaki ni salamu na utambulisho. Ndiyo maana nakupa dakika 10. Nakupa kilichopona.

#27 Bi_Maktaba
@MezaYaMazungumzo hapo dawa ni ya zamani kuliko umeme. Mwenyekiti wa mjadala alirudie swali kabla halijajibiwa. Miaka yangu yote ya kuendesha mazungumzo maktaba nilifanya hivyo, kwa ajili ya waliokaa nyuma. Msikilizaji wa podikasti naye amekaa nyuma, nyuma sana.

#28 HakiZaTafsiri
Nasisitiza: hata swali likirudiwa mara tatu, jibu la mbele ya washindani litabaki adabu. Na kuna la tatu. Mwaka 2020 London yalifutwa na Frankfurt ikahamia mtandaoni kwa sehemu kubwa. Tangu hapo mimi nimekutana na waandaaji wanaoiona rekodi kama sehemu ya tiketi. Ukitaka mjadala wote, ingia kwa akaunti ya aliyelipa. Si kwamba imepotea, imefungiwa.

#29 MezaYaMazungumzo
Rekodi nilizokabidhiwa mimi zilikuwa mbovu kwenye maswali, tiketi au bila tiketi. Lakini sitabishana na uliyoyaona wewe.

#30 Kurasa_Pana
@MezaYaMazungumzo nimesoma bandiko lako mara mbili. Kuhusu usomaji, nakubali nilikurupuka kwa baadhi yenu. Kwa baadhi tu. Sasa nirudi kwa @KalamuBubu, maana kile kimya kinanisumbua tangu jana. FundiSauti, kukibakiza kungekuwa na shida gani?

#31 FundiSauti
Kimya cha ukumbini si kimya, kina mvumo wake, kwa hiyo kingebaki vizuri tu. Wahariri wanaogopa msikilizaji atadhani simu imezima. Wengine wanatumia programu inayopunguza mapengo yote kwa mkupuo mmoja, haijui kimya cha mtu anayefikiri na kimya cha mtu anayekunywa maji.

Lakini kabla hamjamlaumu mhariri, fungueni mipangilio ya programu mnayosikilizia. Nyingi zina kitufe cha kuruka vimya ili kipindi kiishe haraka. Kikiwashwa, hata mhariri akiacha sekunde kumi, simu yako inazimeza.

#32 KalamuBubu
Mimi nilikisikiliza kipindi changu kwenye simu ya mwanangu. Sijui kama kitufe hicho kilikuwa kimewashwa. Ngoja niulize.

#33 MpigaChapa
Kwa hiyo mtangazaji hana kosa, fundi hana kosa, mhariri hana kosa, kosa ni la simu? Sikubali. Watu wasome vitabu kwanza.

#34 Kurasa_Pana
Nimefungua mipangilio. Kwangu kilikuwa kimewashwa, na sikumbuki nilikiwasha lini.

Nimekizima, nikarudia kile kipindi cha kiti kuvutwa. Kumbe baada ya kiti kuna muda mrefu. Mtu anakusanya karatasi. Kwa mbali tangazo la ukumbi linaita jina fulani mara mbili. Kuna pumzi, kisha nyingine. Ndipo mwandishi anapoanza: "Ile sura ya mwisho..."

Narudi kwenye daftari. Nitayasikiliza yote upya.

#35 Sikio_la_Tatu
@Kurasa_Pana nitumie jina la kipindi hicho, tafadhali.